Karanga alimng'ata mwanambuzi: tumuuze punda wa binti yetu?

"Tunaishi nje kidogo ya mji wa Karatu. Binti yetu ana miaka 8 na ana punda wake dume, Karanga, tuliyemlea tangu mama yake alipokufa. Sasa ana kama miaka 3, hajahasiwa, na hajawahi kuishi na punda mwenzake. Binti huchota naye maji na kubeba majani. Aliona kwenye televisheni mtoto wa Ulaya na farasi wake mdogo wakiwapokea wanakondoo wa majira ya machipuko, akaapa kwamba masika yakianza atafanya vivyo hivyo na Karanga. Juzi mbuzi wa kwanza alizaa mapacha. Jana asubuhi akamvika punda shada la maua, akamwingiza zizini. Karanga alinusa, kisha akamdaka mwanambuzi mmoja shingoni, akamtikisa na kumtupa. Yuko hai, ila ana matundu mawili shingoni na ananyonya kwa shida. Pacha wake ni mdogo na mama yake anamkataa. Tangu azaliwe tunampa maji ya sukari na maziwa ya ng'ombe tuliyoyazimua. Mume wangu anataka punda auzwe wiki hii. Bibi wa binti anasema punda huleta pepopunda, mtoto asimguse tena. Mtoto analala bandani na huyo mdogo kifuani, hatoki. Wamebaki mbuzi 11 wenye mimba, na mimi ndiye huwazalisha, ingawa nina ujauzito wa miezi mitano na kuinama ni kazi. Je, punda ana wivu? Wanaweza kuishi pamoja? Na binti anataka nikuulize: Karanga anajua alichofanya?"

Dada yangu, umeniuliza kuhusu punda, na nitakujibu kuhusu punda kwa kirefu. Lakini barua yako ina mambo mawili yasiyongoja, na moja umelipitia haraka kana kwamba halihusiani na mengine. Nianze na hayo.

La kwanza ni shingo ya mwanambuzi. Jeraha la meno ya punda hudanganya macho. Punda hararui kama mbwa; meno yake ya mbele ni mapana, yanabana na kuponda. Kwa nje unaona matundu mawili na manyoya yaliyolowa mate, kumbe chini ya ngozi nyama imesagika, na pengine koo la hewa limetoboka. Pitisha vidole taratibu pande zote mbili za shingo. Ukihisi kitu kinachakarika chini ya ngozi kama mfuko wa nailoni, hiyo ni hewa iliyovuja, na mwanambuzi huyo ni wa daktari wa mifugo leo hii. Hata usipohisi hivyo, kule kunyonya kwa shida kunanitosha mimi kusema muite. Ukimngoja, safisha matundu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na uyaache wazi. Usiyafunge kwa kitambaa, usiyapake jivu wala samadi, na usimchome sindano ya dawa iliyobaki ya ng'ombe. Daktari akifika, mwombe dawa ya kuzuia uchafu wa jeraha pamoja na kinga ya pepopunda. Hiyo ya pili wengi huisahau.

La pili ni wewe mwenyewe. Mwanamke mjamzito hazalishi mbuzi. Nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona akina mama wakicheka nikilisema. Wamezalisha mbuzi maisha yao yote. Shida ni kwamba majimaji ya uzazi na kondo la nyuma la mbuzi ndiyo mahali ambapo vijidudu kadhaa hujazana kuliko mahali pengine popote: brusela, ambayo wafugaji huijua kama ugonjwa wa kutupa mimba, homa ya Q, maambukizi ya bakteria ambayo huweza kuvutwa hata kwa pumzi, katika vumbi la banda ambamo majimaji yalikaukia, na toksoplazma, kimelea kinachoenezwa hasa na paka. Mbuzi anaweza kuzaa vizuri kabisa, mtoto akasimama, na bado akawa amevimwaga vyote. Kwa mtu mzima wa kawaida magonjwa haya huweza kupita kama homa ya kuumwa viungo. Kwa mjamzito yanaweza kuitoa mimba au kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kwa hiyo mbuzi 11 waliobaki ni wa baba watoto, au jirani, kwa glovu au hata mifuko ya nailoni iliyofungwa vizuri mikononi. Wewe usimguse mwanambuzi mbichi, usifue nguo zenye majimaji hayo, usifagie banda. Kondo lizikwe kwenda chini kiasi ambacho mbwa hawezi kulifukua. Na kliniki ukienda, mwambie muuguzi kwamba unaishi na mbuzi na kwamba umezalisha mmoja juzi, hata kama hakuulizi. Ukipata homa, rudia maneno hayohayo kwa daktari. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwa wagonjwa waliolazwa na homa hospitalini Moshi: asilimia 60 hivi walikuwa wameandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli hawakufika asilimia 2. Miongoni mwa waliobaki walikuwemo wenye brusela, homa ya Q na magonjwa mengine ya wanyama. Hivyo kipimo cha malaria kikitoka safi, kataa kurudishwa nyumbani na dawa ya malaria.

Ukiona mbuzi wanatupa mimba kwa mpigo, wawili watatu ndani ya siku chache, hasa baada ya mvua kubwa, hapo usimchinje yeyote na usiguse kitu. Mpigie afisa mifugo wa kata saa ileile. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa, ambayo hutupisha mifugo mimba, iliua watu na mifugo nchini mwetu baada ya mvua za namna hiyo, na mkoa wenu wa Arusha haukupona.

Sasa tuje kwa bibi na pepopunda yake.

Bibi hakosei kuiogopa. Anakosea kumtaja mleta. Jina lenyewe limemponza punda. Ukiuita ugonjwa pepo wa punda, nani hatadhani kwamba punda ndiye anayeugawa? Ukweli ni kwamba vijidudu vya pepopunda viko kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama wengi, vimejifunga kama mbegu, vinaweza kukaa miaka. Vikiingia kwenye kidonda chembamba kinachozama ndani, mahali hewa haifiki, vinaamka na kutoa sumu inayokaza misuli. Shambani mwenu vimo punda akiwepo na punda akiuzwa. Na katika wanyama wote mlio nao, punda ndiye anayeuawa na sumu hiyo kwa urahisi zaidi. Mwiba kwenye kwato unatosha. Nimemwona mmoja amesimama kama meza ya mbao, miguu minne imetanuka, mkia umeinuka, masikio hayageuki, na kope ya tatu imefunika nusu ya jicho. Tulimwekea maji mdomoni yakamwagika yote, taya haifunguki. Huyo hakumwambukiza mtu. Aliambukizwa na msumari wa bati.

Kinga ipo kwa wote. Punda huchanjwa mara mbili, wiki 4 hadi 6 kati yake, kisha hurudiwa. Binti yako, ikiwa alipata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, alianza vizuri. Chukua kadi yake ya kliniki umuulize muuguzi kama anahitaji kuongezewa. Na wewe utachomwa ya kwako kliniki ya wajawazito. Sindano hiyo inamlinda na mtoto wako, kwa sababu kwa binadamu kinga ya mama hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto akiwa tumboni.

Kwa mbuzi haipiti, na hapo ndipo lilipo kosa la maji ya sukari. Kondo la mbuzi limejengwa kwa tabaka ambazo kinga haiwezi kuzivuka. Mwanambuzi huzaliwa bila kinga hata chembe. Mama yake amemwekea yote kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, na utumbo wa mtoto una milango midogo inayopokea kinga hiyo nzimanzima na kuiingiza kwenye damu. Milango hiyo huanza kufungwa saa chache tu baada ya kuzaliwa. Ikifika siku moja imefungwa kabisa. Mwanambuzi wa kilo 3 anahitaji angalau mililita 300 za dang'a ndani ya siku hiyo moja, na sehemu kubwa ndani ya saa 6 za mwanzo. Maji ya sukari humpa nguvu ya kulia, basi.

Huyo mdogo wenu ameshapitisha mlango. Sikufichi: atakuwa mwepesi wa kuharisha na wa vichomi kuliko pacha wake. Lakini wengi hupona wakipata usafi, joto na maziwa ya kweli. Acheni kuzimua. Maziwa ya mbuzi, au ya ng'ombe yasiyotiwa maji, ya uvuguvugu wa kukaribia joto la mwili wake, ambalo ni kama nyuzi 39. Kwa siku apate mililita 450 hadi 600 ikiwa ana kilo 3, zigawanywe mara nne au tano. Chupa ichemshwe kila mara. Anyweshwe akiwa amesimama kwa miguu yake, kichwa kimeinuka kidogo kama anayenyonya chini ya mama. Binti yako, najua, anamlaza mapajani chali kama mtoto mchanga wa watu. Nani amwambie kwamba hivyo maziwa huingia mapafuni? Mwambie wewe, kwa upole. Na kabla ya kila chupa, mtu aingize kidole safi mdomoni mwa mwanambuzi. Kinywa kikiwa cha baridi, asipewe maziwa. Kwanza akaushwe, apashwe joto hadi kinywa kipate moto, ndipo anyweshwe. Usiku wa masika kwenu Karatu una baridi, na mtoto mwenye baridi hawezi kusaga maziwa.

Jaribu pia kumrudisha kwa mama yake. Mtu mwingine, si wewe, amfunge mbuzi kamba fupi kwenye nguzo, amnyonyeshe mtoto kwa nguvu mara kadhaa kwa siku. Angalia chuchu kwanza; mara nyingi anayeitwa mama katili ana kiwele kilichovimba na kinamuuma.

Haya, Karanga.

Hapana, sidhani ni wivu. Wivu wa punda upo wa namna yake: hulinda chakula chake, hulinda mwenzake. Lakini uliyonisimulia yana sura nyingine. Alinusa, akadaka shingo, akatikisa, akatupa. Hivyo ndivyo punda anavyomfanya mbwa au mbweha anayeingia eneo lake.

Farasi na punda ni ndugu waliolelewa na nchi mbili tofauti. Farasi ni mnyama wa nyanda za majani mengi, huishi kundini, na akishtuka hukimbia. Punda alitokana na punda mwitu wa Afrika, ambaye bado wamesalia wachache sana Ethiopia na Eritrea, kwenye mawe na jangwa. Huko chakula ni kidogo, kundi kubwa haliwezi kushiba pamoja, kwa hiyo dume hukaa na eneo lake na kulilinda. Kwenye mawe huwezi kukimbia ovyo. Punda akishtuka husimama, hufikiri, na ikibidi hupigana. Watu humwita mkaidi kwa sababu hiyo. Mimi namwona mwenye busara kuliko farasi, ingawa wenye farasi hawapendi kusikia.

Sasa jiweke mahali pa Karanga. Ana miaka 3, dume kamili, damu inachemka. Hajawahi kuona mwanambuzi wa siku moja. Mbele yake kuna kitu kifupi cha miguu minne kama mbweha, kinayumba, kinapiga kelele nyembamba, kinanuka damu na majimaji ya uzazi, na mama yake anakoroma na kutishia kwa pembe. Juu ya hayo, madume vijana wa punda hucheza kwa kuumana shingo na kuvutana. Ndiyo michezo yao. Karanga hana wa kucheza naye. Iwe alimwona adui au alimwona mwenza wa mchezo, shingo ya mwanambuzi ni nyembamba kama kifundo cha mkono wa binti yako.

Yule farasi wa kwenye televisheni je? Huenda alikuwa jike au amehasiwa, amezaliwa kati ya kondoo, na mtu mzima amesimama nje ya picha na kamba nyingine. Hata majira yao si yetu. Kondoo wa Ulaya hupata joto siku zinapofupika, ndiyo maana huzaa kwenye machipuko. Karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki sana. Mbuzi wetu hushika mimba wakati wowote wakishiba. Wenu walishiba majani ya vuli. Hesabu siku 150 kutoka tarehe 10 Novemba, unaangukia tarehe 9 Aprili. Binti yako hakukosea kuona kwamba masika nayo yana watoto wake. Alikosea njia ya kuwapokea, na mtoto wa miaka 8 hakuwa na mtu wa kumwonyesha nyingine.

Mimi mwenyewe nilikosea nikiwa na vyeti vya mifugo. Mwaka wangu wa pili kazini mzee mmoja alilalamikia mbweha, nikamwambia amlaze punda wake dume na kondoo. Nilikuwa nimesoma kwamba punda ni mlinzi. Ni kweli ni mlinzi, ila yule aliyekua na kundi hilo, jike au aliyehasiwa. Asubuhi ya nne mzee alinipeleka zizini bila kusema neno. Wanakondoo wawili walikuwa kando ya ukuta, na punda amesimama katikati, ametulia, kama aliyemaliza zamu. Tangu siku hiyo sijamshauri mtu jambo hilo kabla ya kumwona punda mwenyewe. Na kwa kuwa mko karibu na msitu: punda hufukuza mbwa na mbweha, lakini fisi na chui watamla yeye. Usiku, wote walale ndani.

Jambo moja la kuangalia kabla hatujaendelea. Je, Karanga aliumwa na mbwa miezi ya karibuni? Je, anadondosha udenda, anashindwa kumeza, sauti imebadilika, anauma hata nguzo? Kwa hayo ningewaza kichaa cha mbwa, na hapo hakuna anayemgusa hadi daktari aje. Mtu aliyeshika mate yake akimbilie chanjo hospitalini. Kwa barua yako siwazi hivyo: alifanya mara moja, kwa sababu inayoeleweka. Lakini swali hilo lazima liulizwe.

Kumuuza wiki hii? Namwelewa mume wako. Amewaza kwamba ingekuwa shingo ya mtoto. Lakini mauzo ya haraka ya punda huishia kwa wanunuzi wasiojulikana, na wanunuzi hao wengi wanataka ngozi. Biashara hiyo ilimaliza punda wengi upande huu wa Afrika hadi wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana, Februari 2024, kuisimamisha kwa miaka 15. Makubaliano ni karatasi. Usiku porini kuna watu na visu. Ikiwa hamna uwezo wa kujenga uzio imara na hamna wa kumsimamia dume, basi mpeni au muuzieni jirani mnayemjua mwenye punda wengine. Hilo si ukatili. Dume mpweke anayeishi na mtoto mdogo kama rafiki pekee atazidi kuwa mgumu akifika miaka 4 na 5, na siku moja atamfanyia binti ile michezo ya shingo.

Mkimbakiza, ahasiwe. Kwangu hili ndilo sharti. Lakini sikiliza vizuri: asihasiwe kwa ile koleo ya kubania mafahali, na asihasiwe na mtu wa kijijini mwenye wembe. Mishipa ya damu ya kende za punda ni minene kuliko hata ya farasi, lazima ifungwe kwa uzi, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa, na apewe kinga ya pepopunda siku hiyohiyo. Ni kazi ya daktari wa mifugo. Wakati mzuri ni kipupwe, Juni hadi Agosti, matope na inzi wakiwa wamepungua. Msitegemee muujiza kesho yake. Homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini, na tabia aliyoizoea huweza kubaki. Kumhasi mapema ingekuwa bora, akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, lakini hatujachelewa.

Kitu kingine anachohitaji ni mwenzake. Punda jike mtulivu wa makamo angemfundisha adabu kuliko mimi na wewe. Kama haiwezekani, angalau mbuzi wakubwa waonekane upande wa pili wa uzio. Msimfunge peke yake nyuma ya nyumba kama adhabu. Punda aliyetengwa ghafla huweza kugoma kula, na kwa punda asiyekula, mafuta ya mwili humiminika kwenye damu hadi ini linashindwa. Siku moja nzima bila kula ni sababu ya kumpigia daktari.

Kwa masika haya, kabla ya kuhasiwa, uamuzi wangu ni rahisi: Karanga na wanambuzi wasikutane bila uzio. Si kwa dakika, si kwa kamba. Tengeni kona ya kuzalia, nguzo na fito zilizobanana, au wavu wa seng'enge ambao kichwa cha punda hakipiti. Hakikisheni kimo cha uzio kinamfika mtu mzima kifuani. Pumba zake azilie mbali na hapo, maana kwenye chakula hata punda mpole hubadilika. Upande wake mpangieni mahali pa kusimama, awaone, awanuse, awasikie kila siku. Mwakani, akiwa amehasiwa, wanambuzi wakifika umri wa mwezi mmoja na kujua kukimbia, mnaweza kujaribu kwenye uwanja mpana, mtu mzima akiwa na kamba, dakika chache. Kuna punda wanaozoea kabisa. Kuna ambao hawazoei, na huyo mnaishi naye kwa uzio maisha yake yote, si aibu.

Binti ajifunze kumsoma. Masikio mbele na pua inayopuliza taratibu ni udadisi. Masikio yakilala nyuma, shingo ikanyooka chini sambamba na mgongo, pua ikakunjamana, ana sekunde mbili za kumgeuza. Kamba asiizungushe mkononi kamwe. Ashike mikunjo yake kiganjani ili aweze kuiachia. Asimame usawa wa bega la punda, si mbele wala nyuma.

Na atoke bandani. Kulala juu ya nyasi zenye majimaji ya uzazi, mwanambuzi kifuani, ni hatari zilezile nilizokutajia wewe, kwa kipimo cha mtoto. Asimbusu mdomoni, anawe kwa sabuni kila akitoka, na asinywe maziwa yasiyochemshwa. Lakini usimwondolee kazi, mbadilishie. Mpe daftari. Aandike kila mbuzi, siku aliyozaa, saa ngapi mtoto alisimama, saa ngapi alinyonya dang'a, kinywa kina joto au baridi. Baba yake atakapochovya kitovu cha mwanambuzi kwenye kikombe cha iodini, yeye ndiye atakayeandika. Mbuzi akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu kutokea, yeye ndiye mwenye saa, yeye ndiye atakayesema "baba, piga simu". Daftari la namna hiyo likiletwa kwangu linanisaidia kuliko maelezo ya watu wazima wawili.

Amebakiza swali lake. Mwambie nimelisoma.

Karanga anakumbuka. Punda hukumbuka njia, mtu na maumivu kwa miaka. Ila sidhani anajua kwamba alimwumiza mtoto wa mtu. Alijua kuna kitu zizini, akakishughulikia kama babu zake. Anachokumbuka zaidi ni kwamba rafiki yake alipiga kelele, akaachia kamba, na tangu jana hajaja. Kwa hiyo asimpige, wala asimsubirie toba. Jioni aende na baba yake, amkune pale chini ya shingo anapopapenda, watembee naye hadi kwenye uzio. Akisita hatua chache kabla ya kufika, asimvute. Wasimame hapohapo aliposimama, hadi mwenyewe ainue mguu.